Lori Lililomtii Shangazi

Juzi pale Lavington niliona fundi akitikisa waya za lori lililozima mbele ya geti la watu, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, lori la baba lilizima River Road, limejaa viazi, likinuka dizeli na mpira ulioungua. Fundi alipapasa kila waya ya umeme asipate kitu. Shangazi yangu, tuliyekuwa tukimpeleka kwake, akapanda, akajiachilia kitini kwa kishindo, akakemea, "Shetani wa stima, toka!" Lori likawaka. Aliposhuka kununua mahindi, likazima. Aliporudi, likanguruma. Mimi nikaamini injini imeokoka.

Fundi akachungulia chini ya kiti, akamnong'oneza baba, "Mzee, ni waya imelegea. Madam akiikalia, inashika."

"Nyamaza," baba akasema. "Ni wewe utamwambia?"

Maneno hayo niliyaelewa ukubwani.

Waya ikaachwa hivyo hivyo. Tulimshusha shangazi kwake Kangemi, na lori likazima papo hapo. Baba akapandisha gunia la viazi kwenye kiti alichotoka shangazi, jasho likimtiririka, na lori likawaka. Shangazi alikuwa angali langoni akitupungia mkono nilipouliza kwa sauti yangu yote, "Baba, kwani gunia nalo limeokoka?"