Pacha Niliyemrudisha Bila Sindano

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, Sista Mkuu wa kliniki ya Makina hakunisalimia. Alinikabidhi sanduku la barafu akasema, "Ukiacha hili juani utakuwa unadunga watoto maji." Ndivyo nilivyojifunza kwamba chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na joto huviua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Kakamega, sina mtu Nairobi. Nilipanga chumba Kawangware, na jioni nilipika ugali wa mtu mmoja.

Mwaka wa pili nilitumwa mtaa wa Raila, kwenye chumba cha kanisa tulichoazimwa kila Alhamisi. Hapo alikuja Mama Apiyo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mapacha wake wa kike, Apiyo na Adongo. Walikuwa wametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Apiyo nilimdunga. Adongo alikuwa na homa kidogo.

"Mrudishe akipoa," nikamwambia.

"Sista, si umdunge tu? Nimeacha meza bila mtu."

"Hapa hatudungi mtoto mwenye homa."

Hiyo ilikuwa amri ya Sista Mkuu. Mwongozo wa kazi ulisema homa ndogo haizuii chanjo, na nilikuwa nimeusoma. Nikanyamaza.

Baada ya miezi mitatu Mama Apiyo alirudi na mtoto mmoja. Adongo, ambaye hakuwahi kurudishwa kudungwa, alikuwa amekufa kwa nimonia. Surua hakuugua kabisa. Hakutokwa na kipele hata kimoja.

"Wamelala kitanda kimoja, wamekunywa uji mmoja, wamekohoa pamoja," mama yule alisema. "Mbona huyu amepona?"

Niliinamia kadi ya chanjo ya Apiyo. Nilimpelekea swali Sista Mkuu, naye hakuinua macho. "Surua ni surua, nimonia ni nimonia. Usijitwishe mzigo."

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchungulia kadi. Kila mtoto alipoletwa akihara au kubanwa kifua, nilitazama kwanza kama alikuwa amepata ya surua. Mara nyingi hakuwa ameipata. Nilipohamishiwa kliniki ya Kawangware, nilimweleza daktari msimamizi.

"Mama anayekumbuka chanjo hukumbuka pia kuchemsha maji," alisema. "Utajuaje ni sindano iliyomsaidia?"

Nikamtajia wale mapacha, waliokunywa maji yale yale.

"Mtoto mmoja si ushahidi, sista."

Alisema kweli. Niliporudi kwenye chumba cha chai, mazungumzo yalikatika. Wenzangu walikuwa wameshanipa jina: Sista Mapacha. Nikazoea kunywa chai yangu peke yangu, na mwishowe sikumwambia mtu yeyote lolote.

Nilikuwa nimeshastaafu niliposikia kwamba wataalamu wamekuwa wakijiuliza swali hilo hilo. Huenda chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua na ya kifua kikuu, huamsha walinzi wa kwanza wa mwili, wale wasiongoja kumjua adui kwa jina, wakawa tayari hata kwa magonjwa mengine. Bado wanabishana. Nilifurahi, kisha nikatafuta wa kumwambia. Sista Mkuu alikuwa ameshafariki, na daktari sijui aliko.

Ninyi mnaoanza kazi hii, someni mwongozo, na mkiusoma mfungue mdomo. Mimi ilinichukua hadi uzeeni. Nilirudi Raila, nikamkuta Mama Apiyo kwenye meza yake ya omena, nywele zimekuwa nyeupe.

"Siku ile ningeweza kumdunga Adongo," nikamwambia. "Mwongozo uliruhusu. Nilimwogopa mkubwa wangu. Sijui kama angepona, lakini nilipaswa kumdunga."

Mikono yake ilisimama ndani ya omena.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Nilipokuuliza, ulitazama chini."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Aliendelea kuchambua omena zake. Sikujua kama niondoke. Nikakaa.