Bei Aliyoshusha Hellena

Luciana hakutaka nyumba kubwa. Alitaka nyumba kavu. Tangu aolewe, yeye na mumewe Zenon waliishi katika chumba cha kupanga ambacho kuta zake zilitoa maji kuanzia mvua za Desemba hadi baada ya Pasaka, na kila masika mtoto wao Yonas alikohoa humo. Baridi ya Sumbawanga haihitaji kusaidiwa na ukuta mbichi.

Zenon alikuwa fundi ujenzi. Luciana alinunua maharage kijijini Mwazye na kuyauza sokoni mjini, na yeye ndiye aliyepanga hesabu. Vibarua vya Zenon vililipa chakula na kodi. Faida ya maharage ilikuwa ya nyumba. Pembeni aliweka fungu la wakili na la kubadilisha jina kwenye hati, kwa sababu aliwajua watu waliommalizia muuzaji fedha zote, kisha hati ikabaki na jina la mmiliki wa zamani, marehemu. Kitu kimoja hakukitia kwenye hesabu: mtamba wake, aliyechungwa pamoja na ng'ombe wa akina Kabula, rafiki yake wa sokoni. Huyo alikuwa wa siku mbaya.

Mwezi wa Agosti walisikia kuna nyumba inauzwa mtaa wa Malangali. Ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, jiko la nje, bati bado zima. Mwenyewe alikuwa Hellena, mjane aliyetaka kurudi Namanyere kumtunza mama yake. Alipofungua mlango alimtazama Zenon, akashika kiuno.

"Zeno wa besi," alisema. "Bado unaimba, au umewaonea watu huruma?"

Kumbe waliwahi kuimba kwaya moja huko Namanyere, kabla Zenon hajahamia mjini. Zenon alicheka. Luciana alimjua mumewe kuwa ni mtu wa kuchekea puani. Kicheko cha siku hiyo kilionyesha meno mpaka ya nyuma. Na jina hilo la Zeno hakuwahi kulisikia. Yeye humwita Baba Yonas.

Hellena alitaja bei. Ilizidi fungu lao kwa thamani ya ng'ombe mmoja. Luciana alitoka kwenda kutazama jiko, na kutoka huko, kupitia dirisha, akawaona wale wawili wamesimama kwenye kona ya chumba cha nyuma. Zenon alikuwa akigonga ukuta kwa vidole. Hellena akamsogelea, akasema jambo kwa sauti ya chini. Zenon akaitikia kwa kichwa, kisha akageuka kutazama mlangoni, kama mtu anayehofia kusikika.

Walipokuwa wakirudi, Zenon akamwambia kwamba Hellena ameshusha bei. Fungu linatosha, na la wakili haliguswi.

"Ameshusha kwa nini?"

"Ameshusha tu, Mama Yonas. Watu hushusha."

Miaka yake yote sokoni, Luciana hakuwahi kumwona mtu anayeshusha tu. Maharage hushushwa bei yakiwa na wadudu, au mnunuzi akiwa mzuri wa sura. Nyumba ile alikuwa ameikagua, na hakuona wadudu.

Tangu siku hiyo mambo yote yalikwenda sawa, na kila jambo lilimchoma. Ofisi ya ardhi ilithibitisha kwamba hati ni safi na haina deni. Luciana, badala ya kufurahi, akajiuliza kama mkono wa Hellena ni laini. Jumapili kanisani Zenon aliimba besi kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa kwa miaka, na yeye, asiyeweza kushika wimbo, akasimama kimya na kitabu chake. Siku mwenyekiti wa mtaa alipowakusanya majirani kuonyesha mipaka, jirani mmoja akasema kwamba Hellena ana moyo, maana yeye bei hiyo asingepewa hata kwa magoti. Watu wakacheka. Usiku Luciana alijaribu kupanga kichwani mahali pa kuweka kitanda, na kila alipofika kwenye ile kona aliwakuta wale wawili wamesimama.

Aliitaka nyumba ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini hakutaka kulala ndani ya zawadi ya mwanamke mwingine.

Alimwambia Kabula amuuze mtamba. Kabula alisikiliza habari yote, akaweka debe chini.

"Unauza ng'ombe ili ulipe zaidi? Kwetu ng'ombe huongezwa kwenye mahari. Hapo nani anaoa?"

Luciana hakucheka.

Mbele ya wakili, fedha zilipokwisha kuhakikiwa na kalamu kutolewa, alifungua kitenge na kuweka mezani bahasha nyingine. Zenon akamshika mkono, akamwambia kwa kunong'ona aache. Kushikwa huko kukamzidishia hasira.

"Mama Yonas, bei tulishakubaliana," alisema Hellena.

"Bei uliyoitaja kwanza ni ya nyumba. Hii ya pili ni ya mtu. Mimi nanunua nyumba."

Hellena alimtazama Zenon, akafumbua mdomo kutaka kusema. Zenon akakohoa na kuinamia viatu vyake. Hellena akafumba mdomo, akaivuta bahasha. Wote wakatia saini, na funguo zikaanguka kwenye kiganja cha Luciana. Alitembea hadi Malangali akiwa mbele ya mumewe, bila kugeuka.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Desemba, mchana. Luciana aliingia chumba cha nyuma kutoa blanketi na kuona kivuli cheusi kikipanda kutoka sakafuni, kwenye ile kona. Zenon alikuwa mlangoni.

"Aliniambia siku ile ile," alisema. "Maji yanapanda kwenye msingi, kona hii tu. Ndiyo sababu alishusha. Mimi nilijua naweza kuitibu, na nilijua ukisikia maji hutaingia."

Luciana alibandika kiganja ukutani. Kikalowa.

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu."

Hasira ya kudanganywa ingekuja, aliisikia ikikaribia. Lakini kwanza alicheka, kiganja kikiwa bado ukutani, akilipapasa lile baka la maji kama mtu anayempapasa ndama. Zenon, alipoona anacheka, akapata moyo.

"Kesho nitampigia Hellena arudishe ile nyongeza. Ni muungwana, hatakataa."

Kicheko kikakatika.

"Namba yake bado unayo?"

Zenon akagusa mfuko wenye simu.

"Mtamba ameshakwenda," alisema Luciana. "Wewe kesho tafuta saruji." Akanyoosha mkono ule ule uliolowa. "Na hiyo simu, lete."