Nani Alimpaka Mafuta?

Mama yangu alikaa miaka mingi kanisani bila kupokea. Wakati wa Komunyo ukifika, watu wa benchi lake waliinuka, naye akavuta magoti kando ili wapite, kisha akabaki peke yake, mikono mapajani. Hakuwa amemkosea mtu. Alibatizwa akiwa msichana, akaolewa na baba kwa ng'ombe na mbuzi kama inavyopasa kwetu Waturkana, ila ndoa ile haikuwahi kubarikiwa, maana baba hakuwa Mkristo na kanisani hakutaka kukanyaga. Mpaka baba abadili nia, mama angeendelea kuvuta magoti.

Mwishoni mwa mwaka 2012 nilikuwa nikifundisha shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wazazi walikuwa Lodwar, pembeni mwa mji. Nilipojifungua, mama alikuja kunisaidia kulea. Baba alivumilia majuma mawili ya kupikiwa na jirani, kisha naye akatokea mlangoni kwangu na fimbo na kigoda chake, akasema amekuja kumwona mjukuu. Mjukuu alimtazama mara moja. Chakula alikiulizia mara tatu.

Siku za Jumamosi nilikuwa na darasa jingine, la watu wazima waliojiandaa kubatizwa. Katekista wetu alikuwa amehamia Lokichoggio miaka mitatu nyuma, na mimi, kwa kiherehere changu, nilijitolea kushika nafasi yake. Asubuhi moja baba aliniona nikikusanya chaki, akauliza darasa hilo ni la watu gani.

"La yeyote anayetaka, Apa," nikamjibu. Ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

"Hata mzee?"

"Hata mzee."

"Basi nitakuja kusikiliza."

Mama alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe. Mkono wake ulisimama juu ya sinia, kisha ukaendelea. Hakuinua macho, kwa kuwa alimjua mumewe: akiona unakitamani kitu sana, hukiacha. Lakini jioni ile alipika chapati bila sababu.

Darasa lilikuwa banda la mabati lenye mabenchi mabovu. Nusu ya wanafunzi walikuwa Waturkana wa mjini, nusu wakimbizi kutoka Sudan Kusini, wote wakipambana na Kiswahili changu cha kitabuni. Baba hakukaa kwenye benchi. Aliweka kigoda chake mbele kabisa, karibu na ubao, akanisikiliza kwa uso ule ule aliokuwa nao zamani mnadani akipima fahali wa mtu mwingine.

Somo la mwezi ule lilikuwa majina ya heshima ya Yesu. Nilianza na Mwana wa Daudi. Baba akainua fimbo. Alitaka kujua huyo Daudi ni wa ukoo gani na ng'ombe wake walipigwa chapa gani. Nikamwambia ni wa kabila la Yuda, chapa siijui. Akaguna, lakini ukoo ukampendeza, kwa sababu mtu asiye na ukoo hawezi kumsaidia mwenzake. Jumamosi iliyofuata tulifika kwa Mwanakondoo wa Mungu, na hapo baba alinishinda mimi mwalimu. Alisimama akaliambia darasa kwamba mbuzi akishikwa kuchinjwa hupiga kelele hadi jirani ajue, lakini kondoo hunyamaza, anakuangalia tu. "Huyo nimemkubali," akasema, akakaa. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikamsimulia mama jikoni kwa sauti ya chini. Akaniambia nisimsifu mbele yake, nitamharibu.

Ndipo ikaja Jumamosi ya Masihi. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MASIHI = KRISTO = MPAKWA MAFUTA. Nikasoma, nikatafsiri kwa Kiturkana, nikageuka. Baba alikuwa ameshika kigoda chake. Akatoka bila kuaga, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sitaficha. Nilimngoja mpaka Jumatatu, kisha nikamvaa uani. Nilimwambia kama masomo yamemshinda aseme, asijifanye amechoka na jua. Nilimwambia mama amemngoja miaka yote hiyo kanisani, na yeye anashindwa kuketi saa moja? Baba alinitazama hadi nikaishiwa maneno. Kisha akasema kwa utulivu kwamba hataoshwa kwa jina la mtu wa namna hiyo, akaondoka kwenda kunywa chai. Mama alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Aliniambia tu, "Umepiga kelele, sasa atakaza." Nililia usiku kucha kwa aibu, maana niliona ni mimi niliyeharibu.

Mahali baba alipokwenda kunywa chai palikuwa kwa mama mmoja wa Sudan Kusini, mwanafunzi wangu katika darasa lile lile, aliyekuwa na kibanda cha maturubai kando ya njia ya kambini. Alikuwa mrefu, mcheshi, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota njiani vipande vipande. Siku ya Jumatano nilipita hapo kununua mandazi. Baba alikuwemo. Nikajifanya simwoni, naye akajifanya hanioni, na yule mama akatucheka sote wawili.

"Mzee," akamwambia baba, "mbona wewe naacha darasa? Mwalimu nalia."

"Mwalimu anafundisha mtu mbaya," baba akajibu kwa Kiswahili chake. "Kondoo, sawa. Daudi, sawa. Sasa anasema huyo mtu ni wa kupakwa mafuta. Watu wa kupakwa mafuta si tunawajua? Lodwar wamejaa."

Mandazi yalinitoka mkononi.

Naomba asiyekuwako anielewe. Ule ndio mwaka habari zilipoenea kwamba huko kusini mwa Turkana, chini ya ardhi, kumepatikana mafuta. Lodwar nzima haikuwa na neno jingine mdomoni. Mafuta kwa kinyozi, mafuta sokoni, mafuta kwenye matanga. Na kwa kuwa uchaguzi nao ulikuwa unakaribia, utani ukazaliwa wenyewe: mtu akionekana na pikipiki mpya, watu walikonyezana wakasema huyo wameshampaka mafuta. Maana yake amenunuliwa, amelainishwa, sasa atakubali lolote. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ulikuwa mzaha wa vijiweni. Lakini baba alikuwa ameusikia miezi mingi kabla hajaja Kakuma, na Kiswahili chake kingi alikipata vijiweni hapo hapo. Mimi nimeandika kwa herufi kubwa kwamba Mwokozi wa ulimwengu ni Mpakwa Mafuta! Na tafsiri yangu ya Kiturkana haikusaidia kitu, kwa kuwa mzaha ule ulikuwa umeshahamia hata kwenye Kiturkana.

Nilianza kueleza mbio mbio, unabii, wafalme wa Israeli, pembe ya mafuta. Yule mama akanikatiza kwa mkono.

"Mwalimu, ngoja. Maneno mingi." Akamgeukia baba. "Mzee, kwetu sisi nasema Masih. Kwa Kiarabu ya kwetu, hii neno iko karibu na kupangusa. Kupangusa na mkono. Angalia."

Akachukua mkebe wa mafuta ya kupikia ya mgao, akamimina kidogo kiganjani. Kichanga chake cha kike kilikuwa kimelala kwenye kanga pembeni. Akakiinua, akakipaka mafuta utosini, usoni, masikioni, nyuma ya shingo, taratibu, mpaka ngozi ikang'aa na mtoto akapiga chafya.

"Hii ndiyo Masih," akasema. "Mungu nafanya Yesu hivi. Khalas, basi."

Baba akaweka kikombe chini. "Nani alimpaka? Serikali?"

"Hapana. Baba yake."

"Na alilipwa nini?"

"Mzee, huyu mtoto nalipwa nini?"

Baba alimwangalia yule mtoto, kisha akaniangalia mimi, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Kwa nini hukusema kuna mkono?" akaniuliza kwa Kiturkana. Nilikuwa nimefundisha neno lile miaka mitatu, nimelihifadhi pamoja na asili yake ya Kiebrania na Kigiriki, na ndani yake niliona mafuta tu. Mkono sikuwahi kuuona. Nikaanza kucheka nikilia mle kibandani, na baba akamwambia mwenye chai kwamba mwalimu hajalala vizuri.

Jioni, tukila, baba alikuwa bado anautafuna mkono ule akilini. Akasema siku mama alipoletwa bomani kwao, wanawake walimpaka mafuta ya kondoo na udongo mwekundu kuanzia kichwani. "Mafuta yale hayakumnunua," akasema. "Yalisema tu, kuanzia leo huyu ni wetu."

"Mafuta hayakuninunua," mama akaitikia. "Wewe ng'ombe uliowatoa umewasahau?"

Walicheka wote wawili. Sijui kama niliwahi kuwasikia wakicheka pamoja vile.

Mwaka mpya ukaingia, na padri akatumwa kutoka Lodwar kuja kuwapima wanafunzi. Alikuwa mtu wa mbali, si Mturkana, mwembamba, mwenye haraka, na Kiturkana hakukijua zaidi ya salamu. Waturkana wasiojua Kiswahili cha kutosha walijibu kwa lugha yao, mimi nikatafsiri. Aliyeshindwa angesubiri mwaka mwingine. Asubuhi ile mama hakuja. Alisema atabaki na mtoto, lakini mtoto nilikuwa naye mimi; mama alikuwa ameondoka nyumbani kwa wasiwasi, bila hata kuona mtoto hayupo mgongoni kwake.

Baba aliingia na kigoda. "Ejok," padri akamsalimu, salamu yake yote ikaishia hapo. Akamuuliza Amri za Mungu. Baba akaziruka mbili akazirudia. Akamuuliza Utatu; baba akajibu kama nilivyomfundisha, bila furaha. Kisha padri akafunga kitabu, akauliza, "Na kwa nini tunamwita Yesu Kristo?"

Baba alisimama. Kwetu jambo la maana halisemwi umekaa. Alizungumza kwa Kiturkana kirefu, akipiga fimbo chini, na kila alivyoendelea ndivyo jasho lilivyozidi kunitoka, kwa sababu nilijua ni mimi nitakayeyapeleka maneno yale upande wa pili.

"Anasema," nikaanza, "kuna kupakwa mafuta kwa kumnunua mtu, na kuna kupakwa kwa kusema huyu ni wetu. Yesu alipakwa na Baba yake, kwa mkono wake mwenyewe, akapewa kazi. Ndiyo maana ya Kristo."

Padri alikuwa akiitikia kwa kichwa. Ningeweza kukomea hapo. Lakini baba alikuwa amenikazia macho, na Kiswahili alikijua kiasi cha kuhesabu nimeacha nini.

"Anasema pia," nikaendelea, "kwamba hapo mwanzo yeye alidhani Yesu ni wale wa kununuliwa. Halafu akafikiri, akaona haiwezekani. Angekuwa wa kununuliwa, wasingemuua. Wangempa pikipiki."

Padri alitulia na kalamu hewani. Nilijiambia basi, yamekwisha, mama atavuta magoti mwaka mwingine. Kisha mabega ya padri yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa kanzu, akasema amesomea upadri miaka tisa na hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Akaandika jina la baba katika daftari lake, akaweka alama ya vema.

Walibatizwa Jumapili moja asubuhi mwaka huo wa 2013, watu wazima wote wa darasa langu, pamoja na yule mama wa chai. Padri alimpaka baba Krisma, mafuta matakatifu, kwenye paji la uso, kwa kidole gumba, tone dogo la kuonekana kwa shida. Baba akangoja. Alipoona padri anapita kwa mwingine, akasema kwa sauti, kwa Kiturkana, "Ongeza." Upande mmoja wa kanisa ukacheka, upande wa pili ukauliza amesema nini. Padri hakuhitaji mkalimani. Alirudi akampaka tena.

Ndoa ya wazazi wangu ikabarikiwa hapo hapo, kwa dakika chache tu.

Wakati wa Komunyo, watu wa benchi la mama waliinuka, na kwa mazoea ya miezi ile wakaanza kujibana wampite. Mama akasimama. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake alishtuka, kisha akarudi nyuma na kumpisha atangulie. Nilimwona akienda mbele na baba, akifungua mdomo, akirudi ameuficha uso kwa ncha ya shuka yake. Alipoketi karibu nami niliona machozi yanamtiririka, na nikadhani atasema neno la sala.

"Haina ladha," akaninong'oneza. Alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Miaka yote hiyo nikiwatazama, nilijua lazima ni tamu."