Toba Yangu Ilianza Jumatatu

Nakumbuka Jumapili moja nililia kanisani mpaka watu wakapiga makofi. Mwanangu, mimi hata kulia nalia kwa sauti, kama ninavyofanya kazi. Unayaona mageti ya hapa Kisumu, ya Milimani, na ya Manyatta, na yale ya njia ya Kombewa? Mengi yametoka kwenye mikono hii, na shule niliachia darasa la sita, wala hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini leo sikuandikii habari za mageti. Nakuandikia kwa sababu nyinyi vijana mnaungama vizuri sana siku hizi, halafu Jumatatu mnaendelea pale mlipoachia.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma pale sokoni Kibuye. Jirani yangu alikuwa fundi anaitwa Okello, mtu mpole, kazi yake safi kuliko yangu. Wateja walimpenda. Badala ya kujifunza kwake, nikaanza kuwanong'oneza watu kwamba mageti ya Okello ni fila tupu chini ya rangi. Fila ni ule uji mzito wa kuziba mabodi ya magari. Ukiipaka mahali chuma hakijashikana, ukapitisha rangi juu, geti linapendeza mpaka mvua zianze. Hayo yote niliyajua vizuri, maana aliyekuwa akitumia fila ni mimi.

Maneno yakatembea. Wateja wakamhama Okello, wengi wakaja kwangu, na mwishowe akafunga kibanda akarudi kwao Kombewa kutengeneza plau za ng'ombe na wilbaro za kubebea mchanga.

Ndipo nikaokoka. Siku ya ushuhuda, Jumapili ile ile, nikasimama mbele ya kanisa nikasema nilikuwa mwongo, niliharibu jina la mtu, na sasa Bwana amenisamehe. Jina la huyo mtu sikulitaja. Makofi yakapigwa. Nje ya kanisa nikakutana na Mama Rispa, mzee wetu wa kanisa, ambaye huuza omena, vile vidagaa vya ziwani, hapo hapo Kibuye na anajua habari ya kila kibanda. Alinishika mkono na hakuuachia.

"Umelia vizuri," akasema. "Okello amekusikia?"

"Mungu amenisikia, Mama."

"Mungu hakuambiwa ule uongo. Walioambiwa ni watu wa Kibuye. Kesho unafungua kazi saa ngapi?"

Nilifika nyumbani nimekasirika. Nikamwambia mke wangu kwamba yule mama ananionea wivu kwa ushuhuda wangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza kama kesho anipigie pasi suti au anitolee ovaroli.

Nilivaa ovaroli. Nikaanza kibanda hadi kibanda: nilisema Okello anatumia fila, nilidanganya, fila ilikuwa yangu. Wengine walicheka. Mmoja akauliza kama siku hizi nakunywa tangu asubuhi. Nikaendelea tu, mpaka nikafika kwa Mama Atieno wa hoteli, ambaye alikuwa amemnyang'anya Okello kazi ya mlango wake akanipa mimi. Aliacha kumimina chai.

"Sawa, Baba," akasema. "Na huu mlango wangu je?"

Hapo ndipo toba ilipoanza kunigharimu, mwanangu. Ningeweza kusema mlango wake ni mzima, maana rangi ilikuwa bado inang'aa. Nilirudi kibandani kuchukua grenda, ile mashine ya kusagia chuma, nikakwangua ile rangi mbele ya watu wanaokula mandazi, na fila ikamwagika chini vumbi tupu. Mama Atieno alifunika sufuria ya chai. Niliung'oa mlango nikauchomelea upya, bure, na kabla sijamaliza wengine walikuwa wamefika kuuliza habari za madirisha yao. Msimu huo nilirekebisha vya zamani zaidi ya nilivyotengeneza vipya. Vijana wa jua kali wakanibandika jina, Pasta Fila, na nikaliitikia. Nikaweka sheria ambayo iko mpaka leo: kwangu geti halipakwi rangi kabla mwenyewe hajaja kukagua kila kiungo.

Kisha nikaenda Kombewa. Okello alikuwa ameinama juu ya plau. Nikamweleza yote niliyosema, na watu niliowarudia. Hakunipa kiti.

"Nimesikia," akasema. "Nitakuja kuangalia."

Basi. Mimi nilitegemea anikumbatie, hata machozi nilikuwa nimeyaweka tayari. Nilirudi Kisumu nimenuna, lakini njiani nikakata shauri kwamba nitachomelea sawasawa hata kama Okello hatakuja maisha yake yote. Naamini wokovu wangu uliniingia pale barabarani.

Alikuja mvua ndefu zikiwa zimepita. Hakusalimu. Alikwenda kwenye geti ambalo halijapakwa rangi, akapitisha kidole kwenye kila kiungo kuanzia juu mpaka chini, na mimi nimesimama kama mtoto mbele ya mwalimu. Halafu akauliza soketi iko wapi, achomeke mashine yake ya kuchomelea. Tunafanya kazi kibanda kimoja mpaka sasa, na mtu akiuliza nani fundi zaidi, nasema ni Okello, ingawa kwa mageti makubwa sijaona wa kunishinda.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitubu, nenda ukaseme pale pale uliposemea uongo, na umtaje uliyemkosea kwa jina. Ulichoharibu kifumue, ukianze upya, hata kikila siku zako. Usimdai mtu msamaha kwa sababu umelia. Mwache akuangalie atakavyo, na wewe tenda haki hata siku ambazo hakuna anayeangalia. Usichoke, wala usingoje makofi. Bwana akupe uso wa kuwarudia uliowaumiza, akutie nguvu katika kazi yako, na watoto wako wataje jina lako popote bila kuona haya. Amina.