Shingo ya Kuku Iliyorudishwa

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa Kasongo ambao nilitamani ardhi ipasuke nizame. Kwa miaka mingi sikuutaja mbele ya mtu. Leo wewe umenilazimisha, na ninakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitafute maneno laini humu.

Juzi ulitutumia sauti kwa simu kutoka huko ugenini unakosoma. Ulimrekodi mama wa nyumba iliyokupokea akiombea chakula kwa lugha yake, mwishoni ukaweka kicheko chako, ukatuambia tusikilize. Binamu zako walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitoka nje. Mwanamke huyo anakupikia, anakufulia mashuka, anakungojea ukichelewa, nawe unamfanya kichekesho kwa watu asiowajua! Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe bado uko mikononi mwa mkunga, hata kichwa hakijatoka vizuri, na tayari unatukana.

Usidhani nasema hivi kwa kuwa nilikuwa malaika. Kicheko hicho nakijua. Nilikicheka kabla yako.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Kwetu Wamaza shule iliishia madarasa ya mwanzo, na aliyetaka kuendelea alikwenda Kasongo, misheni, siku tatu kwa miguu. Nilifaulu, lakini sikuwa na pa kukaa. Baba yangu alikuwa na rafiki huko, fundi wa kushona, ambaye tulimwita Baba Feza kwa jina la binti yake. Fundi huyo alizoea kupita vijijini na cherehani yake kichwani, na kila alipofika Wamaza alilala kwetu. Sisi Wakristo, yeye Mwislamu wa mji, na hakuna aliyeona ajabu. Baba alipomweleza shida yangu, alijibu neno moja tu: "Mulete."

Nilipofika, mke wake, Mama Feza, hakuniuliza nasali wapi. Aliniambia nikanawe mikono, akanionyesha nafasi yangu kwenye sinia. Sinia moja, wali na sombe, yale majani ya muhogo, katikati, na sisi wanne tumelizunguka. Alfajiri, yeye aliyeamka kuswali ndiye aliyeniamsha mimi nisichelewe misa. Fikiria jambo hilo, mwanangu! Na muhogo wa kuchemsha alikuwa ameshauweka karibu na moto ili nisiende na tumbo tupu.

Shuleni ndiko nilikoharibika. Mwalimu wetu mmoja alipenda kutuambia kuwa Waislamu ni watu wa giza, na watoto wao hawakupata benchi pale mpaka wakubali kubatizwa. Wenzangu walipojua ninakolala wakanipa jina la Shehe. "Shehe, leo umefunga?" "Shehe, kofia iko wapi?" Ilinichoma sana. Lakini badala ya kuwakasirikia walionitania, niliwakasirikia walionilisha. Hiyo ndiyo akili ya ujana, na mpaka leo nikiikumbuka nataka kujichapa.

Sasa nikukumbushe desturi yetu, maana naona mji umekusahaulisha. Kwetu Mkristo akipata mbuzi wa sikukuu hamchinji mwenyewe. Anamwita jirani Mwislamu amchinje, ili nyama hiyo wote waweze kuila. Mkristo hapungukiwi kitu, na Mwislamu bila hivyo hawezi kugusa. Halafu aliyechinja anapelekewa shingo katika bakuli, ndiyo asante yake. Baba yangu alifanya hivyo kila Noeli, na mimi ndiye niliyetumwa kumwita jirani. Kwa hiyo sikukosa kwa kutojua.

Siku hiyo niliyoitaja mwanzo, baba alikuwa ametuma jogoo kwa mkono wa msafiri, zawadi kwa Mama Feza. Baba Feza alikuwa sokoni na cherehani yake. Mama Feza akaniambia, "Peleka hii kuku kwa Muzee Salumu achinje. Ufanye mbio, baba atarudi na njaa."

Muzee Salumu alikuwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kabla sijafika nikakutana na wenzangu wawili wa darasani. "Shehe anapeleka kuku kwa Shehe mwenzake!" Wakacheka. Mmoja alikuwa na kisu cha kukatia nyasi. Damu ikanichemka. Nikaingia nao katika shamba la muhogo nyuma ya nyumba, nikamkata jogoo mwenyewe, huku naigiza maneno ya Muzee Salumu kwa sauti ya puani. Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikampeleka jogoo kwa Mama Feza, nikasema, "Tayari, mama."

Akanishukuru. Akapika. Nakwambia alipika kwa furaha, anamsifu baba yangu kwa kila kipande anachogeuza, nami nimekaa pale nasoma kitabu changu.

Tulipoketi kula, Mama Feza alitoa shingo, akaiweka katika bakuli, akamtuma Feza ampelekee Muzee Salumu. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa habari ya shingo! Nilikuwa nimefikiria kicheko, sikufikiria asante. Hatujala sana, Feza akarudi na bakuli lile lile.

"Muzee Salumu anasema aksanti," akasema, "lakini yeye hakuchinja kuku leo. Anasema hii shingo iko ya mutu mwingine."

Mikono yote ilisimama. Baba Feza alikuwa na nyama mdomoni. Aliinuka, akatoka nje, nikamsikia anatema na kusukutua mdomo kwa maji. Mama Feza hakuinuka. Alinitazama.

"Nani alichinja?"

"Sikumukuta, mama. Niliita mwingine."

"Mwingine nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo. "Ni mimi, mama."

Baba Feza alirudi ndani. "Nguo ya masomo unavaa, nilikushonea na mikono yangu. Baba yako nimelala kwake mara ngapi? Kesho unarudi Wamaza!"

Nilijua maana yake. Kurudi Wamaza kulikuwa mwisho wa kusoma. Nilianza kulia, na Mama Feza akanyoosha mkono ninyamaze.

"Hatafukuzwa," akasema. "Baba yake atakuja, yeye ndiye atasema." Kisha akanigeukia. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. "Nyama, Mungu anajua kama sisi hatukujua. Lakini weye ulijua. Ulituangalia tunakula, ukanyamaza. Mutoto anakula na wazazi wake. Mugeni ndiye anapewa sahani yake. Basi kuanzia leo uko mugeni."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila siku nilipewa sahani yangu, karibu na mlango. Usifikiri alininyima! Aliniwekea kipande kikubwa kuliko cha mumewe, kama anavyowekewa mgeni. Nilikila peke yangu huku nawasikia wao wanacheka kwenye sinia. Asubuhi aliniamsha kama kawaida, muhogo ulikuwa karibu na moto kama kawaida. Wale wawili niliocheka nao muhogoni hawakuwahi kunipa hata kipande cha ndizi.

Habari ilimfikia baba. Siku zile za kilimo cha pamba cha lazima mtu hakutoka kijijini apendavyo, ilibidi aombe ruhusa kwa chefu, mtawala wa eneo letu, na mashamba yanamngoja. Alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakamnawisha mikono, wakamkalisha kwenye sinia. Mimi nikaletewa sahani yangu mlangoni. Baba aliitazama ile sahani, akanitazama mimi, akaacha kutafuna.

"Nyumbani kwetu nani anachinja mbuzi ya Noeli?" akaniuliza.

"Jirani, baba."

"Juu ya nini?"

"Juu apate kula na sisi."

"Kumbe ulijua," akasema. Akamgeukia Baba Feza. "Ndugu yangu, nilikuletea mutoto, hii sijui ni nini. Nitarudi naye. Alime pamba na mimi."

Ni Mama Feza aliyekataa. Alisema, "Apana, baba. Ukimupeleka sasa, atajua tu kama tulimufukuza. Umuache hapa mpaka ajue ni kitu gani alifanya."

Baba alikubali. Aliondoka asubuhi yake, na hakuniaga. Siku tatu za kuja na siku tatu za kurudi kwa miguu, kwa ajili ya kicheko changu! Nikiwaza hapo hasira inanipanda upya, na sijui nimkasirikie nani zaidi, yule mwalimu na maneno yake ya giza, au mimi niliyeyaokota na kuyaleta katika nyumba ya watu.

Nilikula peke yangu miezi minne. Niliwaomba radhi wote wawili, nikaenda pia kwa Muzee Salumu, nikamwambia hata ile habari ya kumwigiza. Alinisikiliza, akasema amesikia. Shuleni waliponiita Shehe nikawa naitika. Walichoka wenyewe.

Ukafika mwezi wa kufunga, ukaisha. Asubuhi ya Idi Mama Feza akatoka na jogoo, akanipa mkononi, mbele ya Baba Feza ambaye safari hii alikuwepo na angeweza kumchinja mwenyewe.

"Peleka kwa Muzee Salumu."

Nilitembea nimemkumbatia jogoo kwa mikono miwili. Muzee Salumu alimchinja mbele yangu, na nilisimama pale mpaka damu ikakauka. Chakula kilipoiva, Mama Feza akanipa bakuli la shingo, mimi mwenyewe, si Feza. Muzee Salumu akalipokea, akafunua, akacheka kidogo. "Hii ndiyo yangu," akasema.

Niliporudi wote walikuwa wamekwisha kaa. Nikaenda mlangoni kutafuta sahani yangu. Haikuwepo. Nikatazama huku na huku.

"Mama, sahani yangu iko wapi?"

"Sahani gani?" akasema Mama Feza, na akasogea kidogo kuniachia nafasi. "Nawa mikono. Chakula kinapoa."

Mwanangu, nilinawa mikono, nikaketi hapo aliponiachia.

Sasa nisikilize. Nyumba inayompokea mtoto wa watu haimdai kusali kama wao, wala kupenda kila mboga. Inamdai asiwacheke kwa siri huku anakula mkononi mwao. Ukiona neno la ajabu kwao, uliza. Ukishindwa, nyamaza. Na ukikosa, kosa lako ulipeleke mwenyewe kabla bakuli halijarudi. Hata kwako litarudi, kwa njia ambayo hukuifikiria, maana waliocheka nawe ndio watakaolisema kosa lako. Kesho, kabla hujagusa chakula, mwambie mama huyo ulilofanya, uso kwa uso. Akikukasirikia, kaa hapo hapo uipokee hasira yake. Akikupa sahani ya peke yako, kula humo, ushukuru, ungoje. Usinipigie mimi simu kabla hujafanya hivyo, sitaitika.

Ukishafanya, Mungu wetu na Mungu wake wakufungulie kichwa uelewe masomo. Mama huyo akuite mtoto wake siku zako zote za huko. Na siku utakaporudi kwetu ukute nafasi yako kwenye sinia, nami nipo bado, nimesogea.