Vyuma vya Chini ya Pikapu

Harufu ya chuma kinachochomelewa hunifanya nivuke barabara. Inanirudisha gereji, Ifakara, mvua ikipiga bati. Mama alikuwa amechagua vyuma vinene vya kushikilia ekseli ya pikapu yetu, isirukeruke kwenye matope ya njia ya Namawala.

"Mama, upande mmoja tufunge bolti, chuma kipate kucheza," fundi alimwambia. "Kikibanwa kote, kitakatika na mzigo."

"Bolti zinalegea. Chomelea kote."

Fundi akachomelea. Magunia ya mbolea yakapakiwa. Nilikuwa nimeshakaa mbele, mama akaniteremsha.

"Nenda kwa bibi yako. Nageuza sasa hivi."

Pikapu yetu iliyozoea kunesa ilipita kwenye mashimo imekakamaa. Fundi alizima mashine, akasimama mvuani akisikiliza mlio wa pikapu ukienda.

Mama hakugeuza tena. Mimi bado nausikiliza mlio ule.