Rubani Aliyesema "Bado"

Asubuhi ile tulikuwa tunakula maandazi. Niliyakaanga mwenyewe kwenye jiko la hospitali ya kambi, kule Dhofar, kusini mwa Oman, maana wapishi wa jeshi hawakujua andazi ni kitu gani. Wao kila siku wali na mbuzi. Mdogo wangu Nassor alikuwa ameshuka mlimani kwa ruhusa fupi, pamoja na rafiki yake Hamed, kijana wa Jalan Bani Bu Ali aliyekuwa habanduki naye.

Sisi asili yetu Ibra, lakini mie nimezaliwa Unguja, na unesi nimeusomea huko. Tuliporudi Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, vita vya kusini vilikuwa vinawaka. Nassor akaingia jeshini. Nikasema, mie siwezi kukaa Ibra nachambua tende huku roho yangu iko mlimani. Nikamfuata.

Mtu wa nne mezani alikuwa rubani wa helikopta, Mzungu aliyeazimwa kutoka jeshi la majini la kwao. Huko kwao kazi yake ilikuwa kujaribu ndege mpya kabla hawajapewa wengine: anazirusha, anazitua juu ya meli, anazitikisa mpaka ziseme zinaumwa wapi. Alizungumza Kiingereza, nami nikawafasiria vijana.

"Natafuta ubovu kabla ubovu haujanitafuta mimi," alisema.

Nassor akacheka. "Muulize, na akiumaliza ubovu wote wa duniani?"

Rubani akaelekeza andazi lake mbinguni. "Nitakwenda kuutafuta huko."

Tulimcheka, wallahi. Mchana wake vijana wakarudi mlimani.

Siku ya pili simu ya upepo ikaita. Kikosi chao kimeshambuliwa, na majeruhi wawili hawawezi kubebwa kwa miguu: Nassor kapigwa risasi ya paja, Hamed ya tumbo.

Helikopta nyengine zilikuwa mbali, upande wa magharibi. Iliyokuwepo ni moja tu, na mafundi ndiyo kwanza wamemaliza kuutengeneza mkia wake. Nikabeba mkoba wa dawa, nikaikimbilia.

Rubani akanizuia kwa mkono. "Bado. Naijaribu kwanza tupu."

"Tupu? Ndugu yangu anamwaga damu kule!"

"Ndiyo maana," akasema, akafunga mlango.

Loo! Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, matusi ambayo mamangu hajui kama nayajua. Yeye akapanda peke yake. Akasimama hewani, akageuka kushoto, akageuka kulia, taratibu, kama bibi anayechagua samaki sokoni.

Mara mkia ukatikisika.

Helikopta ikazunguka. Ikazunguka tena.

Nikafumba macho.

Ikapiga chini kwa kishindo, lakini kwa magurudumu. Mafundi wakakuta boliti moja ya pangaboi la mkiani imelegea. Wakaikaza. Nikainuka na mkoba wangu, na yeye, jasho linamtiririka, akasema tena, "Bado. Mara moja nyengine."

Sikumtukana. Nilikaa kwenye vumbi nikalia kwa hasira.

Safari hii iliruka sawasawa. Aliposhuka, alinifungulia mlango mwenyewe. Hakuna aliyeniruhusu kwenda, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

Mlimani hapakuwa na pa kutua. Aliweka gurudumu moja juu ya jabali, mengine yakabaki hewani, akaishikilia hivyo hivyo.

Risasi zikaanza.

Moja ikatoboa bati karibu na goti langu.

Hakugeuka.

Wakamwingiza Nassor. Rangi imemtoka, lakini macho yanaona. "Dada," akasema, "mlikuwa wapi?"

Nikanyoosha mikono kumpokea Hamed. Askari aliyembeba akatikisa kichwa. Walikwishamfunika uso kwa kilemba chake.

"Sasa hivi tu," akasema.

Tukampakia vilevile, tukaondoka.

Jambo hili nimelipima miaka mingi. Tungekwenda mara ya kwanza, pengine tungemkuta Hamed yu hai. Na pengine sote tungeishia bondeni, na Nassor ndani. Hasira zangu kwa rubani ziliisha siku ile ile. Uchungu wa Hamed haukuisha, na sidhani kama utaisha.

Vita vilipokwisha, rubani alirudi kwenye jeshi lake la majini na ndege zake mpya. Nassor akawa mwalimu Ibra, anachechemea, ana mke na watoto. Miaka ya themanini tukasikia rubani amechaguliwa kwenda anga za juu. Mtume! Nassor aliitangazia Ibra nzima utadhani anakwenda yeye. Siku ya kurushwa akachinja mbuzi, akatoa televisheni uani, majirani wakajaa. Moto ulipotoka chini na chombo kikanyanyuka, wanawake tulipiga vigelegele mpaka sauti zikatukauka.

"Rubani wangu yule!" Nassor alipiga makelele. "Kaishika helikopta kwa gurudumu moja, hicho kitamshinda?"

Nilicheka huku nalia. Sijapata kujiona mshindi kama siku ile, na wala sikurusha hata karatasi.

Mmoja tu hakupiga kigelegele: mamake Hamed, Bi Salma, aliyekuja kutoka Jalan kwa mwaliko wa Nassor. Ujanani alikaa Pemba, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Hufurahi, bibi?" nikamuuliza.

"Huyo ndiye aliyekwenda kunichukulia mwanangu kule mlimani?"

"Ndiye."

"Basi mie nangoja ashuke. Kupanda si kazi."

Akakaa kwetu, hataki kurudi Jalan. Kila akimaliza kusali anauliza, "Kashuka?" Siku chombo kilipotua, televisheni ikamwonyesha rubani anateremka ngazi, kazeeka kidogo, anapunga mkono. Bi Salma akasimama, akapiga kigelegele kimoja, kirefu, peke yake.

Halafu akakaa.

"Mamake kampata mwanawe," akasema. "Alhamdulillahi."

Akavuta kanga akajifunika uso. Nassor akachechemea mpaka pale alipo, akakaa naye.